Naichagua ile ya mapumziko

Wiki hii mmeuliza: ukiruhusiwa kubaki na picha moja tu ya siku zako za sekondari, utabaki na ipi?

Ile rasmi ya timu ya mpira, nahodha kashika mpira na nyuso zote zimekazwa, naiacha. Nachukua iliyopigwa wakati wa mapumziko bila wenyewe kujua. Kipa kalala chali, taulo usoni. Beki wa kati, aliyeogopwa na kila mshambuliaji, kapiga goti anamfunga mwenzake kamba za viatu, maana mwenzake huyo ana bandeji mkononi. Kocha kawapa wote mgongo.

Lakini ninayemtetea hasa ni mchezaji wetu wa akiba. Kwenye picha rasmi yuko mstari wa nyuma, mwisho kabisa, bega moja limekatwa na ukingo. Ukiiona hiyo peke yake utadhani alikuja kujaza nafasi. Kwenye ile ya mapumziko, yeye ndiye anayeongea. Kachuchumaa anachora kwa kidole kwenye vumbi, na washambuliaji wameinama kufuata kidole chake. Mmoja kainua chupa ya maji, ikaishia hapo kifuani, hajanywa. Ndivyo tulivyokuwa. Alikaa benchi akiwasoma wapinzani, na sisi tukaingia kipindi cha pili tukijua pa kupita. Kumbukumbu za matokeo zina majina ya waliofunga mabao. Kazi yake haikuandikwa popote isipokuwa humo.

Picha rasmi hupangwa kwa cheo na kimo, kwa hiyo inaonyesha nani alikuwa nani. Haionyeshi nani alimsikiliza nani.

Na picha za namna hii hazikuwezekana tangu mwanzo. Kamera za kwanza zilimtaka mtu atulie tuli muda mrefu, la sivyo anatoka ukungu. Kamera ndogo za filamu ya milimita 35, hasa Leica iliyoingia sokoni mwaka 1925, ndizo zilizorahisisha kumpiga mtu picha kabla hajajiweka sawa. Hata hapo, filamu ya kawaida ilitoa picha 24 au 36 basi, na kuzisafisha kuligharimu. Aliyetoa moja kwa ajili ya vijana waliojitupa chini wakihema alikuwa ameona jambo, na ninamshukuru kwa dhati.

Ndiyo maana inaniuma kuona picha kama hizi zikiozea kwenye albamu zenye kurasa za gundi. Gundi ile huila picha taratibu. Rangi nazo hazififii kwa kasi moja. Picha nyingi za miaka ya 1970 zimegeuka nyekundu kwa sababu hiyo. Ibandueni mapema, kwa uangalifu, muiskani kwa nukta 600 kwa inchi, kisha muihifadhi mahali pakavu pasipo joto. Majina yaandikwe nyuma, pembeni, kwa penseli laini, kwani kalamu ya wino huacha alama upande wa mbele. Andikeni sasa, wakati bado kuna wa kumuuliza, na muanze na wale wa pembeni, maana nahodha hasahauliki. Na kama negativu, yaani ule ukanda wa filamu picha ilikotolewa, bado ipo, msiitupe: mara nyingi ina mengi kuliko karatasi, hata watu waliokatwa ukingoni wakati wa kusafisha.