Kabla Hujamwambia Fundi Apige Windows Upya

Mwalimu mmoja wa sekondari upande wa Vihiga ameniandikia wiki hii. Laptopu yake inaandika "Preparing Automatic Repair", inazima, inajiwasha, inarudi palepale. Ndani mna alama za kidato cha nne na programu ya karo ambayo aliyeiuza hashiki simu tena. Fundi wa mjini ameshamwambia dawa ni moja tu: kufomati na kupiga Windows upya, kazi ya saa moja. Saa moja ni ya fundi, Mwalimu. Wewe utapoteza muhula mzima.

Usimpe bado. Windows haiozi yenyewe kama nyanya. Kuna kilichoiharibu: stima ilipotea apdeti ikiwa katikati, diski inakufa polepole, RAM (kumbukumbu ya muda ya mashine) inasoma vibaya, diski C imejaa mpaka pomoni, au kuna programu ya wizi, isiyo na leseni halali, iliyokuja na virusi vyake. Ukifuta kila kitu kabla ya kumjua mharibifu, unamwachia nyumba mpya aibomoe tena. Ndiyo maana kuna mashine Kisumu na Nakuru zinazopigwa Windows kila baada ya miezi michache, na mwenyewe anaamini hiyo ndiyo hali ya kompyuta.

Anza kwa kuokoa mali. Tafuta flashi ya GB 8, na kwenye kompyuta nyingine utengeneze Linux Mint au Ubuntu (mifumo mingine inayoweza kuwaka bila Windows) kwa kutumia Rufus, programu ya kutengeneza flashi za kuwashia. Washa laptopu kwa flashi hiyo, chagua kuijaribu bila kuisakinisha, kisha nakili folda zako kwenye diski ya nje. Ikilalamika kwamba diski ya Windows inafunguka kwa kusoma tu, hiyo ni kwa sababu Windows haizimi kabisa ikiwa Fast Startup, ile njia yake ya kuwaka haraka, imewashwa. Usilazimishe. Kusoma kunatosha kunakili.

Kama ni Windows 11, huenda diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la siri la Windows, bila wewe kujua, na ukigusa BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine) itakudai ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo kwa kawaida umehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft, ukurasa wa account.microsoft.com/devices/recoverykey, na unaweza kuufungua kwa simu. Utafute leo, uuandike kwenye karatasi. Pasipo ufunguo hakuna fundi wa kuifungua diski hiyo, si Kisumu, si Nairobi, na anayekuahidi vinginevyo anakula pesa zako.

Sasa diski yenyewe. Ichomoe, iunganishe kwenye mashine nzima kwa waya wa SATA kwenda USB, ufungue CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski. Usisome tu neno "Good" ukaridhika. Tazama mistari ya 05, C5 na C6, safu ya Raw Values. Mstari wa 05 ni sehemu mbovu ambazo diski imeshazihamisha, C5 ni zile inazozishuku, na C6 ni zile ilizoshindwa kabisa kuzisoma. Namba zinazopaswa kuwa pale ni sifuri. C5 ikiwa na namba, na kesho ikawa imeongezeka, diski hiyo inaaga. Usiiwekee amri ya ukaguzi chkdsk /r, maana amri hiyo husoma diski nzima kutoka mwanzo hadi mwisho, na diski mgonjwa inaweza kufia hapo hapo na faili zako. Okoa data, nunua SSD, diski isiyozunguka. C7 ikipanda peke yake, shuku waya au kiungio kabla ya kuilaumu diski.

RAM nayo isisahaulike. MemTest86, programu ya kuipima, huwashwa kwa flashi. Iache usiku kucha. Kosa moja tu linatosha kuihukumu. Kabla ya kununua nyingine, zima, ondoa chaja na betri, toa vipande vya RAM, futa meno yake ya dhahabu taratibu kwa raba ya penseli, rudisha kimoja kimoja na upime tena. Kwenye laptopu nyembamba RAM imechomelewa kwenye bodi, kwa hiyo hapo hakuna cha kutoa.

Kuna jambo linaloniuma sana kwa zile desktopu za ex-UK (mitumba ya Uingereza) zilizojaa maofisini. Betri ndogo ya CR2032 ikiisha, BIOS husahau mipangilio yake. Saa inarudi nyuma miaka, na mpangilio wa diski unaweza kugeuka kutoka RAID kwenda AHCI au kinyume chake, yaani njia mbili za mashine kuongea na diski. Windows iliyozoea mpangilio mmoja inakataa kuwaka na kuleta skrini ya bluu yenye maneno INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Windows ni nzima! Badilisha betri, rudisha mpangilio wa diski uliokuwapo kabla, mashine inawaka. Ni mashine ngapi zimefomatiwa kwa kosa la kibetri cha sarafu?

Vifaa vikiwa vizima, ndipo tugeukie Windows. Hakikisha umeme ni wa kutegemewa: laptopu iwe na betri inayoshika na chaja imechomekwa, desktopu iwe kwenye UPS. Mvua ya jioni ya huku kwetu ikianza kunguruma, ahirisha. Stima ikikatika katikati ya ukarabati, unaongeza jeraha juu ya jeraha.

Mashine ya Mwalimu inaishia kwenye ukarabati wenyewe, kwa hiyo aingie Troubleshoot, kisha Advanced options. Isipofika hapo, tengeneza flashi ya Windows kwa Media Creation Tool, programu ya Microsoft yenyewe. Faili zake huzidi GB 4, basi zipakue penye Wi-Fi, usimalize bando. Jaribu Startup Repair, halafu System Restore. Kama tatizo lilianza baada ya apdeti, nenda Uninstall Updates uondoe ile ya mwisho.

Zikishindwa, fungua Command Prompt, dirisha la kuandikia amri, humo humo kwenye Advanced options. Hapa wengi hupotea: herufi za diski hubadilika. Windows yako inaweza kuwa D au E, si C. Andika diskpart, kisha list volume, kisha exit, na uhakikishe kwa dir D:\ mpaka uione folda ya Windows. Tuseme ni D. Kama apdeti ilikwama katikati, irudishe nyuma:

dism /image:D:\ /cleanup-image /revertpendingactions

Washa upya uone. Ikigoma, rudi ukague faili za mfumo kwa SFC:

sfc /scannow /offbootdir=D:\ /offwindir=D:\Windows

SFC hulinganisha faili za mfumo na nakala safi zilizo kwenye ghala la WinSxS, na iliyoharibika huibadilisha. Lakini ghala lenyewe likiwa limeoza, SFC haina pa kuchota. Ndiyo sababu mashine ikishawaka unaanza na DISM, inayotengeneza ghala, ndipo ufuate na SFC. Fungua Command Prompt kama msimamizi:

dism /online /cleanup-image /restorehealth
sfc /scannow

Ya kwanza hupakua vipande kutoka Windows Update, hivyo inataka intaneti. Ikisimama kwenye asilimia 62.3, usiifunge. Kaa, kunywa chai, itasogea. Ikisema haipati chanzo, chomeka flashi ya Windows ya toleo lilelile. Kama flashi ni E, tafuta kwanza namba ya toleo lako, Home au Pro:

dism /get-wiminfo /wimfile:E:\sources\install.esd

Kisha uiweke namba hiyo mwishoni, mahali pa 6 hapa:

dism /online /cleanup-image /restorehealth /source:esd:E:\sources\install.esd:6 /limitaccess

Rudia SFC mpaka iseme haikuona kosa. Ikiendelea kuona makosa mapya kila mara, rudi kwenye diski na RAM, kwa sababu kuna kinachoharibu wakati wewe unatengeneza.

Kama mashine inasema haioni mfumo kabisa, basi kilichoharibika ni njia ya kuwashia. Mashine za UEFI, mtindo mpya wa BIOS, zina kipande kidogo cha diski cha mtindo wa FAT32, mara nyingi MB 100. Rudi kwenye Command Prompt ile ya ukarabati; ndani ya diskpart kichague kwa select volume na namba yake, andika assign letter=S, toka, kisha:

bcdboot D:\Windows /s S: /f UEFI

Zile bootrec /fixmbr na /fixboot ni za mashine za zamani. Kwenye UEFI /fixboot mara nyingi hujibu "Access is denied", watu wakakata tamaa bure.

Onyo moja kuhusu rejista, hazina ya mipangilio ya Windows. Maelekezo mengi ya zamani husema unakili faili kutoka folda ya RegBack. Tangu Windows 10 toleo la 1803, Windows haiweki tena nakala humo. Utakuta faili za KB 0, na ukizinakili juu ya zile halisi umeua kilichobaki. Angalia ukubwa kabla ya kugusa.

Mashine ikiwaka lakini imebaki na kigugumizi, bado kuna silaha kubwa. Ukiwa ndani ya Windows, fungua flashi ile, bofya setup.exe, na uchague kubaki na faili na programu zako. Windows nzima inawekwa upya juu ya ile iliyopo, programu ya karo inabaki na leseni yake. Lugha na toleo vilingane, na uache nafasi ya kutosha kwenye C. Usiichanganye na Reset this PC: ile hata ukichagua kubaki na faili, programu zako zote zinaondoka.

Baada ya haya yote ikigoma, au ikiwa virusi vimeshajichimbia ndani, fomati kwa moyo mkunjufu. Lakini tengeneza kwanza folda ya madereva (programu zinazoendesha vifaa kama Wi-Fi) kwenye diski ya nje, na uyatoe kutoka Windows ya zamani, hata kama haiwaki. Ukiwa kwenye Command Prompt ya ukarabati, tuseme diski ya nje imepewa F:

dism /image:D:\ /export-driver /destination:F:\madereva

Windows mpya isipoitambua Wi-Fi yako, fungua Device Manager uielekeze kwenye folda hiyo, na hutahitaji intaneti kupata dereva ya intaneti.