Kwa nini nyota hafifu ndiyo iliyopimwa kwanza?

SWALI: Mhariri, nimesoma kwamba nyota ya kwanza kujulikana umbali wake ni ile iitwayo 61 Cygni, ambayo huonekana kwa shida. Kwa nini wataalamu hawakuanza na nyota zing'aazo sana, ambazo bila shaka ndizo zilizo karibu nasi? Tena nimeambiwa kwamba hiyo si nyota moja bali ni mbili. Je, naweza kuziona bila darubini?

JIBU: Ndugu msomaji, hilo "bila shaka" lako liliwapoteza hata wataalamu kwa muda mrefu. Mng'ao wa nyota hutokana na umbali wake pamoja na wingi wa nuru inayoitoa, na jicho peke yake haliwezi kutenganisha mambo hayo mawili. Katika kundinyota la Dajaja, ambalo kwa Kilatini huitwa Cygnus, nyota ing'aayo kuliko zote ni Deneb, nayo iko umbali wa zaidi ya miaka ya nuru 1,000 (mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja). Jirani yake hafifu, 61 Cygni, iko umbali wa miaka ya nuru 11.4 tu, lakini nuru ya nyota zake mbili zikijumlishwa haifikii hata theluthi moja ya nuru ya Jua letu.

Ukaribu wake uligunduliwa kutokana na mwendo. Ndege arukaye juu ya paa hupita machoni mara moja, ilhali eropleni iliyo juu sana, ijapokuwa ina kasi kubwa zaidi, huonekana kama inajikokota. Mwanzoni mwa karne ya 19, Giuseppe Piazzi, aliyekuwa akichunguza nyota huko Palermo, alitambua kwamba 61 Cygni inahama angani upesi kuliko nyota nyingine zilizojulikana wakati ule. Upesi huo, hata hivyo, ni wa kinyota: huchukua takribani miaka 350 kuvuka nafasi iliyo sawa na upana wa Mwezi kama tuuonavyo.

Friedrich Wilhelm Bessel, mtaalamu wa nyota wa Königsberg, aliichagua kwa sababu hiyo. Dunia inapolizunguka Jua, nyota iliyo karibu huonekana ikiyumba kidogo mbele ya zile za mbali, kama kidole chako kinavyoonekana kuhama ukikitazama kwa jicho moja kisha kwa jingine. Kuyumba huko huitwa paralaksi, na pembe yake ndiyo inayoonyesha umbali: nyota ikiwa karibu zaidi, pembe huwa kubwa zaidi. Kwa zaidi ya mwaka mmoja Bessel alilinganisha nukta ya katikati ya nyota hizo mbili na nyota mbili hafifu zilizo jirani, na mwaka 1838 akatangaza pembe ya sekunde 0.314, digrii moja ikiwa na sekunde 3,600. Kipimo cha sasa ni sekunde 0.286, ambacho ni sawa na upana wa sarafu ya sentimita 2 ikitazamwa kutoka kilomita 14 hivi. Kwa maoni yangu, kukosea kwa kiasi kidogo namna hiyo kwa vyombo vya wakati ule kunastahili heshima kuliko kule kuwa wa kwanza kwenyewe, kwa kuwa wataalamu wenzake Struve na Henderson nao walikuwa wakipima nyota nyingine miaka hiyohiyo, na Henderson alichelewa kutangaza tu.

Ni kweli kwamba ni nyota mbili. Mtaalamu wa nyota James Bradley aliziona zikiwa mbili mwaka 1753, na kwa kuwa zinasafiri pamoja angani huku zikizungukana, hakuna tena wa kusema kwamba zimekutana machoni petu kwa bahati. Mzunguko mmoja huchukua karibu karne saba, hivyo tangu siku za Bradley hazijamaliza hata nusu ya safari.

Kuhusu kuziona, zitafute Septemba mapema usiku, mahali pasipo na taa na Mwezi ukiwa haupo. Tazama Deneb, Sadr iliyo katikati ya msalaba wa Dajaja, na Epsilon Cygni iliyo kwenye bawa la kusini. 61 Cygni huikamilisha pembe ya nne ya umbo la msambamba linaloanzwa na nyota hizo tatu. Kwa macho matupu utaona nukta moja tu. Ukiwa na darubini ya mkononi ya macho mawili inayokuza mara 10, iliyoegemezwa mahali isitikisike, nukta hiyo itagawanyika, na utaona kwamba zote mbili zina rangi ya machungwa.