Dotto, umeniuliza tarafa au Dodoma

Dotto mwanangu, meseji yako nimeisoma kwenye simu ya Kulwa, yangu ile unaijua. Unauliza uombe Afisa Tarafa au usubiri Sekretarieti ya Ajira itangaze Afisa Tawala wa wizarani Dodoma, maana digrii yako ya Mzumbe inakubalika kote. Sasa na mimi nakuuliza, ushawahi kuandika muhtasari wa mkutano watu wakaukubali? Serikali ipo kwenye muhtasari, vingine ni viti tu.

Usicheke. Najua nasema hivi kila siku.

Kile kijiji cha Sikonge nilichokuwa mtendaji, nyie bado mko kwa bibi Ipuli, watu hawajasomewa mapato na matumizi hata hawakumbuki tangu lini, wakati mkutano mkuu wa kijiji ni kila miezi mitatu kisheria, na katibu ni mtendaji. Mwenyekiti kachaguliwa na wenyewe, wewe umeletwa na halmashauri, yaani mgeni. Nimesimama chini ya mwembe nasoma ushuru ulioingia, hela ya zahanati ilikoenda, mzee mmoja akanyanyuka na fimbo yake, "Rudia hapo." Nikarudia. "Rudia tena." Moyoni nasema leo napigwa. Kumbe mzee anajumlisha kwa vidole, alipomaliza akasema imetimia, andika. Ile "andika" mpaka leo nikiikumbuka nacheka peke yangu jikoni, baba yenu anadhani nimechanganyikiwa.

Halafu sasa ikatoka nafasi ya mtendaji wa kata, kila mtu anajua ni yangu, wakamleta kijana wa digrii. Muhtasari nimemfundisha mimi, waliohudhuria, wasiohudhuria kwa taarifa, yatokanayo na kikao kilichopita, yote mimi. Baadaye akapanda wilayani akawa anarudi kukagua kazi yangu na kalamu nyekundu. Kalamu nyekundu Dotto! Kwa hiyo nikikwambia cheti si kitu nitakuwa muongo, wale ng'ombe wa babu hawakuuzwa bure.

Lakini tena, cheti bila watu kinakusaidia nini? Huko wizarani utashika majalada, utaandika dokezo sabili, yale maelezo ya ndani ya ofisi, lipande mpaka kwa Katibu Mkuu, kazi safi, ila unaweza kumaliza mwaka hujakaa na mwananchi mwenye shida yake. Basi tarafa ndo bora? Ngoja kwanza. Afisa Tarafa yuko kwa mkuu wa wilaya, watendaji wa kata utakaokuwa unawafuatilia ni wa mkurugenzi wa halmashauri, huwaajiri wala huwafukuzi, utawaendea na pikipiki na maneno mazuri, na kuna wengine wanakuangalia tu hivi. Ila ukiwaweza hao, nani atakushinda? Na habari za kuota U-DAS, ukatibu tawala wa wilaya, punguza, ule ni uteuzi wa Rais, hauombwi kwenye portal ya ajira.

Sasa unataka niseme lipi. Ningekuwa mimi... hapana, sisemi. Baba yako keshasema Dodoma, nikisema tofauti kitaitishwa kikao hapa nyumbani na muhtasari wataniandikisha mimi.

Ila hili la jina nalisema wazi. Cheti cha kuzaliwa kinasema Doto, vya shule na NIDA vinasema Dotto, nenda kwa wakili ukamalize hilo kabla dirisha halijafungwa, na vyeti akugongee muhuri hukohuko. Barua ya maombi usaini, kuna watu wanaachwa kwa kusahau sahihi tu. Ukiitwa kwenye mchujo nipigie mapema, sio usiku ule unaopanda basi. Michembe ya viazi anakuletea Kulwa Jumamosi, mgawie na mwenzio wa chumbani, mara ile alilalamika.

Mama yenu