RAM ya kuovakloki Q6600: piga hesabu ya FSB kabla ya kutuma hela

Mkuu wa Nzega, nimekusoma. Una prosesa ya Intel, Core 2 Quad Q6600, kwenye mazabodi ya Gigabyte yenye chipseti (chipu kuu ya mazabodi) ya P35, RAM mbili za DDR2-667 (namba ya mwisho ni kasi) za GB 1 kila moja, unataka kuiovakloki prosesa, yaani kuipandisha juu ya kasi ya kiwandani, ifike GHz 3.6, na muuzaji wa Kariakoo anakuambia bila DDR2-1066 usijisumbue. Bei yake inakaribia mara tatu ya DDR2-800.

Usiinunue. Chukua DDR2-800, mbili za GB 2 zinazofanana, basi. Mashine ya aina hiyo hiyo ndiyo ninayohariria video za harusi hapa Isevya, Tabora, na RAM za kila rangi zimepita kwenye sloti zake, kwa hiyo naomba univumilie nieleze kirefu kidogo.

Kasi ya prosesa ni mpigo wa FSB (njia inayoiunganisha prosesa na chipseti) mara namba iitwayo kizidishi. Q6600 ilitoka Januari 2007 na kizidishi chake kimefungwa juu kwenye 9. Unaweza kukishusha hadi 6, kukipandisha huwezi. Ikitoka kiwandani inakwenda FSB ya 266 mara 9, ndiyo hiyo GHz 2.4. Ukitaka zaidi huna njia nyingine isipokuwa kuisukuma FSB yenyewe: 333 inakupa GHz 3.0, na 400 inakupa GHz 3.6. Shida ni kwamba kwenye P35 kasi ya RAM imefungwa kamba na FSB. Uwiano wa chini kabisa unaoruhusiwa ni moja kwa moja (1:1), na kwa kuwa DDR hutuma mara mbili kwa kila mpigo, FSB ya 400 maana yake RAM haiendi chini ya 800. Hizo 667 zako zitaburuzwa mpaka 800 zitake zisitake. Zipo zinazokubali. Ambazo hazikubali hazikwambii mapema, zinasubiri uwe katikati ya kurenda (kutoa video ya mwisho) ndipo skrini ya bluu ije.

Lakini angalia upande wa pili: FSB ya 333 inahitaji RAM ya 667 kamili. Maana yake GHz 3.0 unaweza kuipata leo jioni bila kununua kitu. Muuzaji hawezi kukuambia hilo.

Sasa hiyo 1066. Kwenye kizazi hiki msimamizi wa memori hayupo ndani ya prosesa, yupo kwenye chipseti, na kila kinachotoka kwenye RAM lazima kipite FSB ndipo kiifikie prosesa. FSB ya 400 inatuma mara nne kwa mpigo, baiti 8 kila mara, jumla GB 12.8 kwa sekunde. RAM mbili za DDR2-800 zikifanya kazi kwa pamoja zinatoa GB 12.8 kwa sekunde. Zimelingana kabisa. Mbili za 1066 zinatoa kama GB 17, zipite wapi? Ni kama hapa kwetu stesheni: mabehewa ya Mwanza na ya Kigoma yanakutana Tabora, ila kuelekea Dar reli ni ile moja. Ukiongeza mabehewa upande wa Kigoma, Morogoro hawataona treni ya pili.

Nisimuonee muuzaji. Kuna kitu kidogo ambacho 1066 inakupa, nacho ni muda wa kusubiri. DDR2-800 yenye CL5 (CL ni idadi ya mipigo RAM inayosubiri kabla ya kujibu) inachukua nanosekunde 12.5 kuanza kujibu, 1066 yenye CL5 inachukua kama 9.4. Kwenye majaribio ya programu za kupima memori utaona namba zimependeza. Kwenye kurenda video mimi sikuona tofauti ya kumsimulia mtu. Halafu nyingi ya hizo 1066 za wapenda kasi zinataka volti 2.1 hivi ili zifikie kasi iliyoandikwa kwenye stika, wakati DDR2 ya kawaida ni volti 1.8. Ukizichomeka tu bila kugusa kitu, nyingi zinawaka kama 800. Utakuwa umelipia stika.

Kilichonisaidia kweli ni ukubwa. Kutoka GB 2 kwenda GB 4 mashine iliacha kugugumia nikifungua mradi mrefu, na hapo ovakloki ndipo nikaanza kuisikia. Ila hakikisha Windows yako ni ya biti 64, maana ya biti 32 haitazitumia GB 4 zote. Na ndiyo maana nasema mbili za GB 2, usinunue nne za GB 1: ukijaza sloti zote nne chipseti inabeba mzigo zaidi, na FSB inayopanda vizuri kwa RAM mbili inaweza kukataa kwa nne.

Kwenye kununua kuwa macho. Kuna DDR2 za GB 4 zinazouzwa rahisi mno mtandaoni, zimeandikwa kwa maandishi madogo kwamba ni za AMD tu. Si utani, kwenye mazabodi ya Intel kama yako haziendi. Kuna pia za seva, nazo ni rahisi, nazo haziendi. DDR3 ina pini 240 kama DDR2 lakini mkato uko mahali pengine, kwa hiyo ikigoma kuingia usiikandamize. Mwambie anayekutumia akupigie picha ya stika kabla hajaikabidhi kwa basi. Kifurushi kikishafika Nzega, kukirudisha Dar ni hadithi nyingine.

Ukishaipata, ingia BIOS (mipangilio ya mazabodi, kabla Windows haijawaka). Kwenye Gigabyte za wakati ule baadhi ya mipangilio imefichwa. Ukiwa kwenye ukurasa wa kwanza bonyeza Ctrl na F1 kwa pamoja ndipo inajitokeza. Funga PCI Express kwenye 100 kwanza. Kisha kizidishi cha memori weka 2.00, huo ndio uwiano wa moja kwa moja. Usikiache kijichagulie chenyewe, kwa sababu kinaweza kufuata kasi ya kiwandani ya RAM na kuipandisha pamoja na FSB mpaka mashine igome kuwaka.

Halafu fanya hivi, wengi wanaruka hatua hii: shusha kizidishi cha prosesa hadi 6, weka FSB 400. Mara 6 ni GHz 2.4, yaani prosesa iko pale pale ilipozaliwa, ila FSB na RAM tayari ziko kwenye kasi unayoitaka. Washa Memtest86+, programu ya kupima RAM, uiache usiku kucha. Kosa moja tu ni kosa, usiseme ni dogo. Likitokea, ongeza volti ya RAM kwa 0.1 urudie. Ikipita salama, sasa ndipo urudishe 9 na kuanza kuipandisha prosesa yenyewe, ukiipima kwa Prime95, programu ya kuilemea prosesa. Ikizima, unajua ni prosesa, huanzi kumtafuta mchawi kwenye RAM. Mazabodi ikikataa kabisa kuwaka, toa ile betri ya CR2032 kwa muda mfupi, inasahau kila kitu.

Angalia pia maandishi juu ya prosesa. SLACR ni toleo la G0, wati 95, linapanda vizuri zaidi. SL9UM ni B3, wati 105, na kwa joto letu la Oktoba kabla mvua hazijaanza, hiyo mimi ningeiishia 3.0. Kwa feni ile ya Intel iliyokuja nayo usifikirie 3.6 hata kwa G0. Vumbi la huku nalo unalijua.

Waliouliza kuhusu prosesa ya i5-2500K: yenu ni rahisi. Hiyo ya 2011 inapandishwa kwa kizidishi, mpigo wa msingi unabaki 100, kwa hiyo RAM haiguswi na ovakloki ya prosesa. DDR3-1600 ya volti 1.5 yenye CL9 inatosha, na zile za volti 1.65 ziacheni. Tazameni chipseti tu: P67, Z68 na Z77 zinaruhusu, H61 hairuhusu hata ukiweka RAM ya dhahabu. Na zile desktopu za mtumba zilizotoka maofisini, nyingi BIOS yake haina hata sehemu ya kugusa.

Mkuu, yule muuzaji akikubali kushusha 1066 iwe bei moja na 800, ichukue. Iendeshe kwa 800, jaribu CL4 badala ya 5, itavumilia. Akikataa, chukua 800, na chenji inayobaki nunua hitisinki kubwa (chuma cha kupoza prosesa). Ila pima nafasi kwanza: RAM zenye vyuma virefu mgongoni hugongana na hitisinki za mnara.