Betri ikivimba usiitoboe, hata kama shemeji kasema

Juzi usiku kuna dada msomaji wangu kanitumia picha ya simu, mfuniko wa nyuma umeinuka mpaka ndani kunaonekana, na chini kaandika: "Kaka fundi, shemeji yako anasema niitoboe na sindano upepo utoke. Ya cherehani itafaa?" Sikujibu kwa meseji, nikapiga hapohapo.

Jamani ule sio upepo. Betri ya simu ni tabaka mbili zimekunjwa pamoja, katikati zimetengwa na plastiki nyembamba kuliko karatasi, halafu kuna kimiminika kinachoshika moto kirahisi sana. Betri ikichoka au ikila joto muda mrefu kile kimiminika kinageuka gesi, mfuko unatuna. Sasa ukipitisha sindano umeziunganisha zile tabaka, shoti inapigwa humohumo ndani na hakuna swichi ya kuizima.

Nimekaa meza moja na fundi mkubwa kwangu kiumri, yeye kutoboa ilikuwa ndo staili yake, anatoboa, anapiga gundi, anarudisha simu kwa mteja, na mimi nikikataa ananicheka mbele za watu eti huyu dogo kasoma sana. Siku moja akatoboa moja ikalia tssss kama soda iliyotikiswa, moshi mweupe, halafu moto, trei ya skrubu ikayeyuka na simu mbili za wateja zikaondoka nayo. Nani alikuwa na ndoo ya mchanga chini ya meza? Mimi. Kuomba radhi hajaomba mpaka leo, ila ndoo kaweka na yeye.

Basi yule dada nikamwambia azime simu, asichaji, asiukandamize mfuniko urudi, aiweke kwenye sufuria kuukuu nje barazani mbali na pazia, asubuhi aipeleke kwa fundi. Akafanya. Shemeji kanuna, atajua mwenyewe.

Kingine kinachonikera ni vitu feki. Kuna mteja nilimtajia bei ya betri nzuri akaniita tapeli, kilio changu ni kwamba alisema kwa sauti watu wakasikia, akaenda kununua pawabenki ya barabarani imeandikwa 50,000 mAh (mAh ni kipimo cha chaji inayobebwa), nyepesi unaibeba kwa vidole viwili. Piga hesabu ndugu yangu. Zile betri za duara ndefu kama za tochi zinazowekwa ndani, moja nzuri kabisa ni kama 3,500 mAh na uzito wake unakaribia gramu 50. Ili ufike 50,000 unahitaji zaidi ya 14, hapo ni zaidi ya nusu kilo kabla hujaweka kasha. Ikiwa nyepesi umeuziwa maandishi. Na mwaka 2016 Samsung wenyewe na mainjinia wao wote waliziita zirudishwe simu zao za Galaxy Note7 kwa sababu ya betri kuwaka, sasa wewe unaamini kitu hakina hata jina la aliyekitengeneza?

Halafu tabia ya kuchaji chini ya mto. Najua sababu, wezi wa dirishani na vijiti vyao, hata mimi nimeshaibiwa hivyo. Lakini godoro la sponji linazuia joto lisitoke, na likishika moto unalala na moshi wa sumu. Weka sakafuni mbali na dirisha, kwenye tailsi au saruji tupu. Ikiwaka ikiwa kwenye chaja, zima meni swichi kwanza ndo umwage maji, mengi, yanapooza. Moshi ukizidi toka na watoto, simu itanunuliwa nyingine.

Na watoto nao, zile betri ndogo bapa kama vifungo vya nguo, ziko kwenye funguo za gari, mizani na midoli inayoimba. Yenye upana wa milimita 20 ikikwama kooni inaunguza nyama ndani ya masaa 2, na hata iliyokwisha kwenye rimoti bado ina nguvu ya kufanya hivyo, kwahiyo usiiache mezani ukisema imekufa. Mtoto akimeza usimtapishe, kimbia hospitali, na ukifika mlangoni sema kabisa ni betri, maana kwenye eksirei inafanana sana na sarafu.