Kijana hana makaratasi na anamaliza haiskuli California, chuo ataingiaje?

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni mama Mkenya, naishi California. Kijana wangu alikuja na miaka 14 kwa visa ya kutembea, ikaisha na hatukurudi. Sasa ana 18, yuko mwaka wa mwisho haiskuli, alama nzuri, anataka unesi. Watu wa kanisani wamenichanganya kabisa. Mmoja anasema bila makaratasi hakuna chuo. Mwingine anasema ataingia lakini atalipa karo ya wageni. Wa tatu ndio amenitia baridi, ati tujaze ile FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa karo, tutie tiki kwamba ni raia, hakuna mtu huangalia. Na nikijaza fomu yoyote si ndio nimewaonyesha tunapokaa? Naomba unieleze polepole.

JIBU: Mama, pole sana, na nianze na huyo wa tatu kwa sababu yeye ndiye anaweza kukuharibia mtoto. Msitie hiyo tiki. Sheria ya uhamiaji ya 1996 inachukulia kujidai raia wa Marekani kama kosa zito mno, mtu anaweza kufungiwa green card, yaani kibali cha kuishi hapa moja kwa moja, maisha yake yote, hata kesho akioa raia wa kuzaliwa hapa, na msamaha wake ni kama haupo. Visa kuisha ni shida lakini watu wengi wameshatoka kwenye hiyo shida. Ile tiki ukishaitia utazeeka nayo.

Halafu FAFSA yenyewe si yake. Ile ni ya serikali kuu, na pesa za huko, Pell Grant (msaada usiorudishwa) na mikopo yao, kijana asiye na hadhi ya uhamiaji hapewi hata ajaze vizuri namna gani. Kwa hiyo mngejiweka hatarini bure, bila hata kupata hizo pesa.

Nafanya kazi ya kushauri wanafunzi chuoni na hili nimeliona kwa macho. Kijana mmoja aliketi na mimi, kompyuta iko mbele yetu, tumefika kwenye kale kaswali ka uraia, mkono wake umeganda juu ya mausi, ananiangalia kisha ananong'ona, "nikiacha wazi itakubali?" Kumbe tangu mwanzo alikuwa amefungua fomu isiyo yake. Tukaifunga, tukafungua ya California, na saa moja baadaye alikuwa ananiuliza mambo ya vyumba vya kulala. Kwa hiyo shika hilo jina: California Dream Act Application. Ni fomu ya jimbo ya kuomba msaada wa karo, inashughulikiwa na California Student Aid Commission, tume ya jimbo ya misaada ya wanafunzi, hufunguliwa mwezi wa kumi, na kwa kawaida mwisho wake kwa misaada mikubwa ya jimbo ni tarehe 2 Machi. Penye namba ya Social Security, ile ya serikali kuu ya kazi na kodi, kama hana, paachwe wazi. Asiazime ya binamu, asibuni. Mapato yenu wazazi mtaulizwa, hilo jiandaeni.

Sasa huyo wa kwanza, wa "hakuna chuo". Hakuna sheria ya serikali kuu inayozuia chuo kumpokea mtu asiye na makaratasi. Kuna majimbo yanayobana, kama Georgia kwenye baadhi ya vyuo vikuu vyao vya umma, na South Carolina na Alabama. California haimo.

Wa pili ana ukweli nusu, na hapa ndipo pesa ilipo kwa hiyo nitakaa kidogo. California ina sheria inaitwa AB 540, ya mwaka 2001. Haiulizi mtoto ana visa gani, inauliza amesoma wapi. Akiwa amesoma miaka 3 haiskuli za California, akamaliza hapa au akapata GED (cheti cha mtihani kinachosimama badala ya kile cha haiskuli), halafu akasaini hati ya kiapo kwamba ataomba makaratasi pindi tu atakaporuhusiwa kisheria, basi analipa karo ya mwenyeji. Wako aliingia na 14, kama amekaa darasani muda wote huo hana wasiwasi. Tena kuna kichekesho hapa, mtu ambaye bado ana visa halali ya kutembea au ya mwanafunzi kwa kawaida hafai kwa AB 540, lakini yule ambaye visa yake imeisha anafaa. Usiniulize aliyeandika alikuwa anafikiria nini, lakini kwenu ni heri. Na hiyo hati ya kiapo inapelekwa chuoni kwa ofisi ya usajili, haiendi kwa watu wa uhamiaji.

Tofauti ya pesa si ya mchezo. Kwenye vyuo vya University of California mtu wa nje ya jimbo anaongezewa zaidi ya dola 30,000 kwa mwaka juu ya karo ya kawaida. Komyuniti koleji, vile vyuo vya umma vya miaka miwili, mwenyeji analipa dola 46 kwa uniti moja, yaani uniti 12 za muhula ni dola 552, na kwa familia yenye kipato kidogo hata hizo huondolewa kabisa kwa kitu kinaitwa California College Promise Grant, ambacho mwanafunzi wa AB 540 anaruhusiwa kukipata. Cal Grant, msaada wa jimbo usiorudishwa, pia anaruhusiwa, hiyo ilikuja na sheria za 2011. Kwenye University of California (UC) na California State University (Cal State) kuna hata mkopo wa jimbo, Dream Loan, ila mkopo ni mkopo, muangalie mara mbili. Kwa hiyo mama usiitishe harambee kabla majibu ya hizo fomu hayajarudi, nimeona familia zinachangisha pesa za kulipia bili ambayo haikupaswa kuwa yao.

Sasa hofu yako ya kuonekana. Sitakudanganya kwamba hakuna hatari yoyote. Rekodi za mwanafunzi zinalindwa na sheria ya FERPA ya 1974, chuo hakiruhusiwi kuzitoa ovyo bila idhini yake, na kwa vile ana 18 hata wewe mama ukipiga simu kuuliza matokeo utaambiwa asaini kwanza (wazazi wetu hapo ndio hukasirika kabisa). Lakini amri ya mahakama inaweza kuzifungua. Na Januari 2025 ule mwongozo wa zamani wa maofisa wa uhamiaji kujiepusha na shule na makanisa uliondolewa. Chumba cha kulala mwanafunzi na sehemu zisizo za umma bado zinahitaji hati iliyosainiwa na jaji, na vyuo vingi vimeshawaambia wafanyakazi wampigie nani ofisa wa uhamiaji akitokea mlangoni. Hilo muulize hata siku ya kwanza. Mizani ni yako wewe na yeye, ila fomu ya jimbo na fomu ya serikali kuu si kitu kimoja.

Mtu wa kumtafuta chuoni: tangu sheria ya 2019, kila komyuniti koleji na kila kampasi ya Cal State lazima iwe na mhusika wa wanafunzi wasio na makaratasi, na sehemu nyingi wana ofisi kamili inaitwa Dream Center. Mlangoni mara nyingi utaona picha ya kipepeo. Mwanao aende hapo kwanza kabla ya dirisha lolote lingine, na hili nalisema kwa uchungu. Mahali nilipoanzia kazi, mtu wa mapokezi alimuuliza msichana mmoja mambo ya visa yake kwa sauti, foleni nzima inasikia. Yule msichana alichukua begi lake akatoka, tulimuona tena baada ya mwaka mzima. Dream Center hawakuulizi hivyo. Watakaa na yeye kwenye fomu, watamwonyesha skolashipu ambazo hazidai uraia, TheDream.US ni moja kubwa, watamwambia wapi pa kupata chakula na vitabu, na kama kichwa kimejaa kuna kaunsela wa kuongea naye. Vijana wetu wa kiume hilo la kaunsela wanaliruka, msukume kidogo.

Unesi sasa. Kwa sheria ya 2014 California imezizuia bodi zake za leseni kumnyima mtu leseni kwa sababu ya hadhi yake ya uhamiaji, namba ya kodi ya ITIN inatosha badala ya Social Security. Lakini leseni si kibali cha kazi, hivyo ni vitu viwili na watu huvichanganya. DACA, ule mpango wa kibali cha kazi kwa waliokuja utotoni, isingemsaidia, ile ilitaka mtu awe anaishi hapa tangu katikati ya Juni 2007. Pia kuna mazoezi ya hospitalini, kila hospitali ina masharti yake, alama za vidole, ukaguzi wa rekodi, wengine wanaitisha Social Security moja kwa moja. Kwa hiyo kabla hajalipia darasa hata moja la unesi, mhusika wa Dream Center aulize idara ya unesi bila kutaja jina: wanafunzi wenu wanaenda hospitali gani, na wanadai nini? Hayo yakibana, masomo ya awali kama anatomia na kemia hayapotei, yanaingia kwenye fani nyingine za afya.

Kama una dada au rafiki nje ya California anayesoma jibu hili, asichukue maneno yangu mazima mazima. Texas ndiyo ilianza karo ya wenyeji kwa vijana hawa 2001, na Juni 2025 mahakama ikaizima. Florida nao waliifuta mwaka huohuo. Mambo yanabadilika, aulize chuo chenyewe mwezi anaoomba.

Mwisho, wakili. Mimi si wakili, na yule ndugu anayejazia watu fomu jioni baada ya kazi pia si wakili. UC, Cal State na komyuniti koleji nyingi zina wanasheria wa uhamiaji wa bure kwa wanafunzi, na hicho peke yake kinatosha kumfanya ajiandikishe mapema. Nasema mapema kwa sababu kuna njia yenye saa ukutani: kijana asiyeoa ambaye mzazi mmoja alimtelekeza au kumtesa anaweza kuomba hadhi maalum ya uhamiaji ya vijana kupitia mahakama ya jimbo, hata kama anaishi na mzazi mwingine, lakini ombi lazima liingie kabla hajafika 21. Foleni yake ni ndefu, ila asiyeomba hayumo hata kwenye foleni. Wewe hukumtaja babake kwenye swali lako. Kama aliwaacha zamani, mwambieni wakili hilo mkikaa tu, msingoje awaulize.