Nauli si Idhini

Nilipokuwa nikiishi hosteli Dar es Salaam, niliwajua wasichana walioweza kubishana na mhadhiri juu ya alama walizonyimwa, lakini mbele ya kijana waliyefahamiana naye wiki iliyopita wakashindwa kutamka, "Bila kondomu sitaki." Haukuwa ujinga, kwani habari za Ukimwi tulizisikia tangu shule ya msingi. Kilichotufunga ulimi ni dhana kwamba uhusiano wa kupita hauna haki ya kudaiana, na kwamba aliyekwisha kutumiwa nauli na kununuliwa chipsi kuku amekubali kila kitakachofuata.

Kwa hiyo ushauri wangu unaanzia kwenye fedha: nenda na nauli yako ya kurudia, kwa maana mwenye uwezo wa kuita bodaboda usiku wa manane hazungumzi kama anayesubiri kufadhiliwa. Rafiki yangu mmoja alibadili nia wakiwa tayari chumbani, akavaa viatu akaondoka; kijana alipomdai nauli, alimrudishia kwa simu, tena pamoja na ya kutolea.

Masharti yatamkwe mapema, hata kwa ujumbe wa simu kabla ya kuonana, na atakayekasirika atakuwa amekuokolea safari. Beba kondomu zako mwenyewe (muuza duka akikukodolea macho, mwache akodoe), wala usizipake mafuta ya mgando, kwa sababu yanadhoofisha mpira. Ikipasuka, au mwenzako akiivua kwa siri, jambo ambalo ni kuvunja makubaliano na si utani, usijifungie ndani kwa aibu: vidonge vya P2, vya dharura vya kuzuia mimba, humezwa ndani ya saa 72, na kadiri unavyowahi ndivyo vinavyofaa zaidi, ila havizuii virusi vya Ukimwi. Dawa za kuzuia maambukizi, yaani PEP, huulizwa kwenye kituo cha afya, huanzwa ndani ya saa 72 hizo hizo na kumezwa kwa siku 28.

Kisha kuna ukimya wa siku zinazofuata. Asipopiga simu, hajatoa hukumu juu ya mwili wako. Kabla ya kuwauliza mashoga zako ulikosea wapi, jiulize kama wewe mwenyewe ulifurahi, kwa sababu wengi wetu tulirudi hosteli tukijua vizuri alichokipenda yeye, huku tukiwa hatujui hata kidogo tulichokipenda sisi.